Nilikwenda Bungoma Kuomba Uchafu

Mimi nauza mabomba. Duka langu liko Kitale, na sikai nyuma ya kaunta kungoja mteja aniambie anataka nini. Mteja akiingia, mimi ndiye ninayemwambia anataka nini. Akisema bomba la nusu inchi, namuuliza nyumba ina mabafu mangapi na tanki liko juu kiasi gani, halafu anatoka na la robo tatu, na baada ya mwezi anarudi kunishukuru. Mafundi wa mji huu wananiita Mwalimu nikiwa mbele yao. Nikiwa sipo sijui wananiita nani, na sijali. Nasema haya mapema ili ijulikane kwamba katika mambo ya maji kuingia, maji kutoka na maji kusafishwa, sikuwa natafuta mtu wa kunifundisha.

Mzee wangu, yaani mume wangu, naye alikuwa mtu wa maji, ila upande wa serikali. Wazazi wangu walitoka Kenya ya kati wakapata shamba Trans-Nzoia. Yeye ni Mbukusu wa Bungoma kabisa, na miaka mingi alisimamia mradi wa maji wa mlimani, juu ya Kimilili. Tulijuana siku alipokuja dukani kukagua bidhaa akasema mabomba yangu ni mepesi. Nilimfukuza. Wiki iliyofuata akarudi, akasema amekuja kukagua tena. Alikagua mara nyingi sana mwaka huo.

Alipostaafu akaja tukakaa wote Kitale, na hapo ndipo macho yake yalipoanza kumsumbua. Kwanza aligonga miimo ya milango, nikamwambia aache kutembea kama mlevi. Kisha akaangusha kikombe nilichomwekea upande wa kushoto, nikamfokea mbele ya mgeni. Najuta mpaka leo. Daktari wa macho alisema ni presha ya macho, ile inayokula kuanzia pembeni kuja katikati, na kwamba kilichopotea hakirudi. Matone yangepunguza mwendo tu. Tukiwa njiani kurudi mzee akanieleza mwenyewe.

"Ni kama nachungulia ndani ya bomba," akasema.

"Inchi ngapi?"

Akacheka. "Jicho la kulia, inchi mbili. La kushoto, sahau."

Ndivyo tunavyoongea sisi wawili. Lakini nilipofika nyumbani niliingia jikoni, nikafungua mfereji ili asinisikie, nikalia.

Gazeti aliliacha. Mpira kwenye runinga nao akauacha kwa sababu mpira wenyewe ulikuwa unatoka nje ya lile bomba lake kila ulipopigwa, na kufikia wakati anautafuta, watu wameshashangilia. Mtu ambaye maisha yake yote hakujua kukaa kitako akawa anakaa tu. Anakunywa chai, anakaa. Nikimuuliza anawaza nini anasema hawazi kitu, na mimi namjua, huyo hajawahi kuacha kuwaza.

Jumapili moja mchana, baada ya kanisa, tulikwenda kula katika hoteli fulani ya Kitale ambayo mwenye mali alikuwa ameweka tangi la kioo ukutani. Mle ndani mlikuwa na samaki wanene, kila mmoja ukubwa wa sahani, weusi wenye michirizi ya rangi ya chungwa. Mwenye hoteli akatuambia wanaitwa oska, kwao ni mito ya Amerika Kusini. Mzee alipita karibu na kioo, na mmoja wa wale samaki akaja akasimama mbele yake. Samaki wadogo wanapita tu, hawamngojei mtu. Huyu alisimama, akamtazama mzee wangu kama karani anayemngoja mtu aseme shida yake.

"Namwona," mzee akasema. "Mama, huyu namwona mzima, kichwa mpaka mkia."

Chakula kikapoa. Sikumwita. Niliketi pale mezani nikiwa nimeshaamua kwamba nyumba yangu itapata tangi kubwa kuliko lile, na maji yake yatakuwa meupe kiasi cha kuonekana kama hayamo, na mzee wangu atawatazama samaki hao mpaka siku ya mwisho ambayo jicho lake litamruhusu. Ni hilo tu nililotaka. Siku hizo zilikuwa zinahesabika, hakuna aliyejua ni ngapi, na sikutaka hata moja ipotee kwa sababu ya maji machafu.

Mwenye hoteli, mtu muungwana, alinionya. Oska anakula sana na kuchafua zaidi. Tangi lenyewe si kazi, akasema, mtu yeyote wa vioo atalitengeneza. Kazi ni chujio. Nikamwambia kwa kazi hiyo amefika kwa mwenyewe.

Kuna machujio ya kila namna. Kuna kile kisponji kinachopulizwa hewa, kinafaa samaki wa ukubwa wa kidole. Kwa oska ni kujidanganya. Kuna visanduku vya kuning'iniza nyuma ya tangi, vizuri kwa sebule ya mtu mwenye samaki wawili wadogo. Halafu kuna mtungi uliofungwa, unaagizwa Nairobi: maji yanaingia, yanapita ndani gizani, yanarudi yakiwa safi, na husikii hata mlio. Mzee aliutaka huo. Alikuwa amesomewa habari zake na binti yetu kwa simu, akaupenda.

"Ni kimya," akasema. "Na hauchukui nafasi."

"Na stima ikipotea?"

Kitale mvua ikipiga kidogo stima inakwenda zake, taa zote zinazimika, na inarudi ikitaka. Nikamwambia, mzee, mtungi uliofungwa ukisimama nusu siku, yale maji yaliyonaswa ndani hayapati hewa, yanaoza. Stima ikirudi, pampu inawatapikia samaki uozo wote mara moja. Mimi nataka pipa. Pipa la bluu la plastiki, mawili, yakiwa wazi juu, yanapumua. Kila kipande nikitoe kwenye rafu yangu mwenyewe, ili pampu ikifa asubuhi niwe nimeweka nyingine kabla ya uji kupoa.

"Basi twende Bungoma," akasema, "uone la dada yangu."

Huyo dada yake, wifi yangu, anafuga vifaranga vya tilapia na kambare nje kidogo ya mji wa Bungoma. Wakulima wanakuja kwake kutoka mbali, hata Malakisi, watu waliochoka na tumbaku wakachimba vidimbwi. Siku tuliyofika alikuwa na wateja wawili. Alinipokea vizuri, akanionyesha matangi yake ya saruji, kisha akanipeleka kwenye pipa lake la kuchujia. Nikafunua kifuniko. Ndani mlikuwa mmeshindiliwa neti kuukuu za vitunguu, na kila neti ilikuwa imevaa utelezi wa rangi ya kahawia, mzito, ukining'inia. Nikauliza huoshwa lini. Akasema tangu aweke hajaziosha. Huzikung'uta tu zikiziba.

Mdomo wangu huu, Mungu aniwie radhi.

"Wifi," nikasema, na sauti yangu si ndogo, "hii ni chujio ama ni choo?"

Wale wateja wakaangalia chini. Wifi akachukua kifuniko mkononi mwangu, akafunika pipa lake taratibu. "Samaki zangu hazijaniambia kama kuna shida," akasema, akawageukia wateja wake.

Tulirudi, mimi naendesha pikapu ya duka. Tulipofika Misikhu ndipo akasema, "Umemtusi dada yangu mbele ya wateja wake."

"Nimeuliza swali."

"Na maji ya samaki wake, uliyatazama?"

Nilikuwa sijayatazama. Nilikuwa nimeona lile pipa nikatosheka.

Basi nikajenga langu. Fundi wa vioo alitengeneza tangi la futi sita kwa urefu, mbili upana, mbili kimo. Mchomeleaji akaniundia meza ya vyuma ambayo ungeweza kumsimamisha ng'ombe juu yake. Nyuma ya ukuta wa sebule kuna stoo. Nikatoboa ukuta, nikaweka mapipa yangu mawili humo. Maji yanatoka juu ya tangi, yanashuka kwa bomba mpaka pipa la kwanza lenye sponji na neti zinazoshika takataka. Kutoka hapo yanapita pipa la pili lililojaa yale mawe mepesi yenye vitundu, ya kusugulia visigino. Kisha pampu inayarudisha. Nikaacha nafasi juu ya mapipa, ili pampu ikizimika, maji yote yanayoshuka yapate pa kukaa. Mafundi wengi wanasahau hilo wanakuta ziwa sebuleni. Nilichomoa pampu mara kumi mchana mmoja nikitazama. Hata tone halikumwagika. Nikajisifu mwenyewe kwa sauti, maana mzee alikuwa amelala na hapakuwa na mwingine wa kunisifu.

Yeye alichotaka ni tungoje. Tangi limejaa, hita inapasha maji kwa sababu baridi ya Kitale si ya kuchezea, kila kitu kinazunguka, na mzee anasema tungoje. Kila siku anatia chakula kidogo cha samaki katika tangi lisilo na samaki. Wiki ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Nikamuuliza kama anafuga maji. Akasema ndiyo, kwa sasa anafuga maji. Nikadhani ni ukaidi wa kustaafu.

Hatimaye tukaleta oska watatu wadogo, na wakanona kwa kasi. Kabla ya mwaka kuisha walikuwa ukubwa wa sahani. Mzee akawa akimaliza chai ya asubuhi anavuta kiti, anaweka uso karibu na kioo, na wale samaki wanakuja wote watatu wanasimama mbele ya lile jicho la kulia. Akaanza tena kunipa habari za nyumbani. Yule mkubwa leo amekasirika. Yule wa katikati amehamisha mawe yote upande wa dirisha. Nilikuwa nikiondoka kwenda dukani namsikia akiwasema wale samaki kama majirani, na nilifurahi jamani, nilifurahi mpaka nikawa nawauzia watu bila kubishana.

Kuhusu utunzaji aliniambia hivi: zile neti za pipa la kwanza nizisuuze ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe, si ya mfereji. Mawe ya pipa la pili nisiyaguse. Nilimsikia kama ninavyosikia redio nikiwa napika.

Ni lazima nieleze nilivyolelewa. Kwetu mwanamke alijulikana kwa matako ya sufuria zake. Mama yangu alipika kwa kuni, lakini sufuria zake zilipoanikwa uchanjani nje ungeweza kujitazamia. Tulizisugua kwa jivu na mchanga mpaka vidole vikachubuka. Mgeni alipokuja, kabla ya salamu jicho lake lilikuwa uchanjani. Mimi nina gesi sasa, na mpaka leo siwezi kulala nikijua sufuria ina doa. Na wageni wakitangazwa, basi Jumamosi yake nyumba yangu inageuzwa juu chini: mapazia, vitambaa vya makochi, madirisha, mpaka waya wa kuanikia nguo naupangusa.

Wanawake wa kanisa walisema wangekuja Jumapili kumwombea mzee macho yake. Jumamosi nikaamka na nguvu zangu. Mzee alikuwa amekwenda kunyolewa na kukaa na wenzake. Nikafua, nikapiga deki, nikang'arisha vyote. Mwisho nikaingia stoo, nikafunua mapipa. Lo! Utelezi ule ule. Wa kahawia, unaning'inia, ndani ya nyumba yangu, kesho yake wageni wakija. Nikaona uso wa wifi yangu mbele yangu kabisa.

Nilizima pampu. Nikatoa neti, nikatoa sponji, nikatoa jiwe moja moja. Nikavisugua vyote kwa brashi na sabuni ya unga, nikaviloweka katika dawa ya kutoa madoa, ile ya nguo nyeupe, nikavisuuza kwa maji ya mfereji mara tano mpaka harufu ikaisha. Mawe nikayaanika kwenye mabati, juani, nikiyageuzageuza kama maharagwe. Yakawa meupe. Alasiri nikayarudisha, nikawasha pampu, na maji ya tangi yakawa hayaonekani. Kama samaki wananing'inia hewani. Nilisimama pale nimeshika kiuno, na nawaambieni ukweli, nilihisi mama yangu angejivunia.

Wageni walikuja, wakaomba, wakaimba, wakasifu maji. Mama mmoja alitaka kujua kama kweli kuna maji humo. Mzee akatabasamu, nami nikajaza vikombe vya chai mpaka vikafurika kwenye visahani.

Jumatatu asubuhi mzee akavuta kiti chake. Akakaa kitambo. "Leo hawaji," akasema.

Nikamwambia labda wameshiba. Akasema oska hashibi. Jumanne niliwaona mwenyewe: wako juu, midomo kwenye uso wa maji, wanavuta hewa kwa nguvu, mapezi wameyafunga. Na maji ni meupe, meupe kabisa.

"Uliosha mawe?" mzee akaniuliza.

"Niliosha."

"Na nini?"

Nikamwambia. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kujibu. Aliweka tu mkono juu ya kioo akakaa hivyo.

Halafu akanieleza, polepole, kama alivyokuwa akiwaeleza vibarua wa mradi. Kule mlimani maji yao yalichujwa kwa mchanga, dimbwi pana la mchanga, na juu ya mchanga huo palikuwa na utando unaoteleza. Siku moja akaletwa msimamizi mpya, mtu nadhifu, akaona ule utando, akaamuru ukwanguliwe wote na mchanga uoshwe. Maji yakatoka yakiwa meupe, na watu wakaumwa matumbo kwa wiki kadhaa mpaka utando ulipoota tena. "Ule utelezi ndiye mfanyakazi," akasema. "Ni bakteria, wako hai. Samaki akijisaidia, sumu yake haionekani kwa macho, na wao ndio wanaila. Mchanga ni nyumba yao tu. Mawe yako ni nyumba tu. Wenye nyumba umewaua."

"Ulijua hayo na hukuniambia?"

"Nilikwambia usiguse mawe."

Nilibisha, sitaficha. Nilisema angenieleza sababu, nilisema mtu haachi uchafu ndani ya nyumba kwa kuambiwa neno moja, nilisema mengi. Yeye akangoja niishiwe pumzi, kisha akaniambia tutoe nusu ya maji tuweke ya mvua kutoka tanki la nje, maana ya mfereji yana dawa, na nisiwape chakula. Tulifanya hivyo Jumanne. Jumatano asubuhi yule mdogo wao alikuwa ameelea pembeni, juu, mahali ambapo bomba la mzee la inchi mbili halifiki. Mimi ndiye niliyemwambia.

"Hao wawili wamebaki na siku ngapi?" nikamuuliza.

"Hawana wiki sita za kungoja. Wanataka wafanyakazi waliokwisha kukomaa, leo."

Sote wawili tulijua wako wapi. Nikamwomba ampigie dada yake. Akasema, "Mimi sipigi. Aliyemtusi ni wewe."

Nilifunga duka, na Jumatano yenyewe, siku ya kazi. Nikachukua mkate, majani chai na sukari, nikawasha pikapu. Nikashika njia, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, nikipanga maneno. Nilikuwa na maneno mazuri sana. Nilikuwa nitaanza na habari za familia, niende kwa afya ya mzee, kisha niseme kwa bahati mbaya chujio limepata hitilafu kidogo.

Wifi alikuwa amekunja gauni, ameinama, mikono ndani ya tangi la vifaranga. "Mulembe," akanisalimu bila kuinuka.

"Mulembe, wifi."

"Kaka yangu amekufa?"

"Hapana!"

"Basi umekuja kufuata nini, peke yako, katikati ya wiki?"

Maneno yangu yote yakatoweka. "Nimekuja kuomba uchafu," nikasema.

Akainuka. Akajifuta mikono kwenye gauni akinitazama. "Sema tena, sijasikia vizuri."

"Nimekuja kuomba uchafu wako, wifi. Ule wa kwenye pipa. Niliosha mawe yangu na dawa ya madoa, nikayaanika kwa jua, na samaki mmoja amekufa. Wamebaki wawili, na ndio kitu pekee kaka yako anachoona."

Alicheka, sikuwahi kuona mtu akicheka namna ile. Alicheka akakaa juu ya ndoo. "Ukayaanika!" akasema. "Ati kwa jua! Kama omena!" Nikasimama pale nikachekwa, na kwa kweli nilistahili. Alipomaliza akajifuta machozi, na nikaona mengine hayakuwa ya kicheko.

"Anaona nini sasa, kaka yangu?" akauliza.

"Kidogo. Katikati tu. Kidogo sana, wifi."

"Na ile siku ulinitusi."

"Nilikutusi. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alikwenda kwenye pipa lake, akafunua, akatoa nusu nzima ya neti zake, zikichuruzika, akazitia ndoo mbili pamoja na maji yake. Akaniambia nisifunike, zinahitaji hewa, nisizikaushe, nisisuuze hata moja, na nisisimame Misikhu kupiga domo. Nikaweka ndoo moja kwenye sakafu ya pikapu na nyingine kiti cha mbele, nikaifunga mkanda. Gari zima lilinuka kidimbwi. Nilipofika njia ya lami nikajikuta naiambia ile ndoo ikae vizuri.

Nyumbani nilizishindilia zile neti ndani ya pipa la pili, juu ya mawe yangu meupe, kwa mikono yangu, bila glavu. Mzee alisimama mlangoni mwa stoo. Akavuta pumzi ndefu ya ule uvundo, akasema, "Naam. Hiyo ndiyo chujio." Tukaendelea kubadilisha maji kila siku. Alhamisi bado walikuwa juu wanahema. Ijumaa yule mkubwa akashuka. Jumapili, wakati wengine wako kanisani, mzee akaniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu akiwa kazini: wote wawili walikuwa wamekuja kwenye kioo.

Tangu hapo chujio langu silibadilishi na la mtu. Mawe yameota utelezi wao, neti nazisuuza kwa ndoo ya maji ya tangi, na watu wakija kuniuliza dukani wanunue chujio gani kwa samaki wakubwa wa aina hiyo nawaambia: pipa, kubwa kuliko unavyodhani unahitaji, wazi juu, mawe mengi, na ukimaliza kulijenga mfunge mkeo mikono. Wanaume wanacheka. Nawauliza wanacheka nini, nao wanalipa. Maji yetu ni meupe mwaka mzima, na sasa ni meupe ya kweli. Nayatazama kila jioni nikirudi, kwa tochi, kutoka mwisho mmoja wa tangi mpaka mwingine. Najua tone likibadilika.

Juzi, saa nane mchana, nilipita nyumbani kuchukua funguo. Mzee alikuwa kwenye kiti chake. Yule oska mkubwa alikuwa mbele yake, pua kwa pua, kioo tu katikati yao.

"Mama," akasema, "yule mkubwa yuko wapi?"

Nikasimama na funguo mkononi. Mimi si mtu wa kudanganya, na yeye angejua. "Yuko mbele yako," nikasema. "Hapo hapo."

Akageuza kichwa kidogo kulia, kidogo kushoto, akilitafuta lile bomba lake. Kisha akaacha.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Wiki mbili, tatu. Maji ni safi?"

"Ni safi."

"Basi niambie anafanya nini."

Nilijua kila kiungo cha mabomba ya lile chujio, nilijua pampu inasukuma kiasi gani, nilijua maji yale kuliko ninavyojua uso wangu. Samaki wenyewe nilikuwa sijawahi kuwatazama. Nilikuwa nimemwachia yeye. Nikatupa funguo kwenye kochi, nikavuta kiti, nikakaa bega kwa bega naye, uso kwenye kioo.

"Anafungua mdomo na kufunga," nikasema. "Mapezi ya pembeni anayapepea polepole. Karibu na mkia ana doa."

"Rangi gani?"

"Jeusi. Lina duara la rangi ya chungwa kulizunguka."

"Limekamilika, hilo duara?"

Nikasogea, nikatazama vizuri. "Chini kuna pengo kidogo."

"Ndiye," mzee akasema, akauegemeza mgongo wake kitini. "Endelea."